Moto Unaobanwa Pumzi

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuuamsha moto kuliko vya kuutuliza. Moto huwashwa, hukokwa, huchochewa, hupulizwa, huvuviwa, hupepewa, hukolezwa. Ukitaka ushuke, unabaki na punguza na zima, na hilo la kwanza si la moto hasa: watu hupunguza bei, hupunguza mwendo, hupunguza unene. Pengo hili lilinikaba nilipokaa kuandika kwa Kiswahili namna ya kutumia jiko la moshi la Kimarekani, lile la kupikia nyama kwa mkaa kutwa nzima. Kazi yote ya jiko lile ni kuuzuia moto usifanye unachopenda kufanya, na mimi nilikuwa na maneno ya kuuchochea tu. Au ndivyo nilivyodhani.

Kwa asiyelijua: mtindo uliozoeleka ni wa Weber Smokey Mountain, jiko lenye umbo la risasi lililoingia sokoni mwaka 1981. Chini kabisa pana mahali pa mkaa, juu yake karai la maji, juu ya karai nyavu mbili za kuwekea nyama, kisha mfuniko. Kitako kina matundu matatu ya hewa yanayofunguka na kufungika, na mfuniko una moja. Anayelitumia hulenga joto la nyuzi 107 hadi 120 hivi za Selsiasi, na kidari cha ng'ombe hukaa humo saa kumi, kumi na mbili, na zaidi. Wapo wanaojiundia kwa pipa la chuma, na ukienda kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, huna haja ya kueleza sana: pipa, wavu, bomba, bawaba. Atakuchomelea. (Angalia kitenzi hicho. Choma, chomea, chomelea: neno la nyama limenyumbuliwa mara mbili likawa la kuunga vyuma, na hakuna kikao kilichokaa kuliamua. Laiti istilahi zote zingezaliwa hivyo.)

Jina la chombo halina shida, ila lina mitaa yake. Jiko latosha kokote, ingawa limebeba mizigo mingi: ni chombo, ni chumba, na anayeoa husemwa amepata jiko. Wazee wa pwani bado wana seredani. Kampala na magharibi mwa Kenya utasikia sigiri, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Lubumbashi ni mbabula, ndugu wa imbabura ya Kigali na Bujumbura, na kinachotiwa ndani ya mbabula huitwa makala. Msomaji wa Lubumbashi akisikia kwamba ninaandika makala, ana haki ya kuuliza gunia ni bei gani. Makala yangu imetoka Uarabuni. Yake ni ya Kibantu, na imehifadhi ile l ambayo Kiswahili cha pwani kiliidondosha njiani tukabaki na makaa. Katika hili, anayechekwa kwamba Kiswahili chake kimepinda ndiye aliyeshika neno la mababu.

Nasi tuliobaki na makaa tumelipasua neno vizuri. Mkaa ni bidhaa: hupimwa kwa gunia, kwa debe, kwa kopo. Kaa ni kipande kimoja, na makaa ni vipande vikiwa jikoni, hasa vikiwa na moto ndani yake. Mpaka si mkali, na Kenya wengi husema makaa kwa yote mawili, lakini mwenye jiko la moshi anauhitaji. Ndani ya jiko lake mkaa na makaa hulala pamoja kwa saa nyingi, na ujuzi wote ni kuhakikisha mkaa unageuka makaa kidogo kidogo, kwa zamu.

Jiko la kila siku huwashwa kwa pupa kwa sababu chungu kinangoja. Karatasi, mafuta ya taa, kifuu cha nazi, na kabla Tanzania haijapiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, kipande cha rambo kikidondosha matone ya moto juu ya mkaa. Kwenye jiko la wazi harufu hizo hupotelea hewani. Kwenye jiko lililofunikwa hazina pa kwenda ila kwenye nyama. Ndiyo maana wenye majiko haya hutumia kopo refu lenye matundu kitakoni: karatasi chini, mkaa juu, moto unapanda wenyewe, na baada ya robo saa au zaidi kidogo vipande vya juu vimevaa jivu. Kopo hilo ningeliita kopo la kukokea. Kuwasha kumechakaa, tunawasha taa, redio, gari, na pilipili nayo inawasha. Kukoka hakujawahi kuhama motoni, na ndani yake bado mna ile kazi ya kupanga, kuegemeza kijiti hiki juu ya kile ili hewa ipite katikati. Mtu anaweza kuwasha taa bila kuiangalia. Hawezi kukoka moto bila kuinama.

Makaa yakishika, halafu yakakolea, yametoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, na hapa lugha yetu inawazidi wauza majiko, kwani maelekezo yao huridhika kusema subiri mkaa uwe wa kijivu. Kushika ni ukingo mwekundu tu, moto ambao bado unaweza kukukimbia. Kukolea ni pale moto umeingia hadi kiini, kama chumvi inavyokolea kwenye mchuzi, na hauhitaji tena upepo wako. Kwenye jiko la moshi tofauti hiyo ina bei yake: kaa lililoshika tu bila kukolea hutoa moshi mzito na mchungu.

Kisha huja ufundi wenyewe. Jiko hujazwa mkaa usiowashwa, tele, na makaa machache yaliyokolea humiminwa juu yake au ndani ya shimo lililoachwa katikati. Moto haulipuki. Unatambaa kutoka kipande hadi kipande, na mkaa wa pembeni kabisa huenda usifikiwe mpaka usiku. Wamarekani wameipa njia hii jina la Jim Minion, mshindani wa mapishi ya moshi aliyeipatia umaarufu. Sina sababu ya kumnyang'anya mtu jina lake, ila anayetaka kuueleza mpango huo kwa Kiswahili hana haja ya kuanzia Marekani. Anaweza kuanzia kwa seremala. Jiko la maranda hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: debe hushindiliwa maranda au pumba kuzunguka chupa iliyosimamishwa katikati, chupa ikichomolewa linabaki tundu linalokutana na tundu jingine la ubavuni, na moto ukiingizwa hapo hula kuta polepole kwa saa kadhaa bila kuguswa. Mwali huuoni sana. Moto wa pumba, husema watu, wakimaanisha chuki au mapenzi yanayoungua ndani bila kelele.

Istilahi ninayoipendekeza kwa njia ya Minion ni moto wa kupokezana. Kila kaa hupokea kwa jirani na kumpa jirani. Wahenga walishaliona hilo waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, kinga ikiwa ni kijinga cha moto, ukuni uliokwisha kushika ncha. Kaa moja likitolewa kundini hujifunika jivu na kufa, kwa kuwa joto linalolitoka ni jingi kuliko linalolizalisha. Yakikaribiana, kila moja hulipasha mwenzake. Ndiyo sababu kupanga ni kudhibiti: ukitaka moto wa kasi lundika, ukitaka wa saa nyingi panga mstari au duara ili kila kaa liwe na jirani mmoja tu wa mbele.

Lakini mkaa si usukani. Usukani ni hewa, na hapa ndipo Kiswahili kilinionyesha kinavyofikiri. Tazama maneno yetu ya hewa na moto: puliza, vuvia, pepea, vukuta. Yote ni ya kuingiza. Kuna kifua cha mtu, kuna kipepeo cha ukindu mkononi mwa muuza mahindi, kuna mvukuto wa mhunzi. Hewa yetu ina mwenyewe, mtu aliyechuchumaa mbele ya jiko akisukuma. Jiko la moshi halisukumwi. Hewa moto hupanda na kutoka kwenye tundu la juu, na nafasi inayoacha huvuta hewa baridi kwa chini. Neno la hapo tunalo, ila tumezoea kulisema kwa bomba na kwa mvutaji sigara: jiko linavuta. Na njia ya kutokea ni dohani, neno ambalo Kiarabu kililipa maana ya moshi wenyewe kabla sisi hatujalifanya jina la bomba lake.

Linalovuta laweza kubanwa pumzi. Huo ndio msamiati wote wa udhibiti, na ni msamiati wa kifua cha binadamu. Ukifungua matundu ya chini, jiko linavuta sana na moto unapanda. Ukiyabana, moto unahema kwa shida na joto linashuka. Tundu la juu kwa kawaida huachwa wazi, kwa sababu ukiliziba moshi hukwama ndani ukageuka lami juu ya nyama. Pumzi hubanwa inapoingia, haibanwi inapotoka. Nimeona tafsiri zinazoyaita matundu hayo vali za udhibiti wa mtiririko wa hewa. Mpishi hatalisema hilo hata mara moja. Atasema bana ya chini, na atakuwa amesema yote, pamoja na kipimo, maana kubana kuna daraja: bana kidogo, bana nusu, bana kabisa.

Kuna onyo moja ambalo vitenzi vyetu vya kuchochea havimwandai mtu kulipokea. Jiko la moshi huchelewa kujibu. Ukibana sasa, badiliko kamili huliona baada ya dakika kumi au robo saa, na aliyezoea kupepea na kuona cheche papo hapo hukosa subira, akabana tena, kisha akafungua, kisha akabana. Joto likishapita kiasi ni kazi ngumu kulirudisha, kwa kuwa makaa mengi zaidi yamekwisha kukolea na chuma chenyewe kimekunywa moto. Kwa hiyo mzoefu hubana mapema, joto likiwa bado linapanda, nyuzi kama kumi na tano hivi kabla ya lengo. Na mfuniko hauinuliwi ovyo: kila unapofunuliwa, joto hutoka na hewa tele huingia, na moto uliobanwa pumzi asubuhi nzima huvuta pumzi moja ndefu.

Nilisema tuna uhaba wa maneno ya kuutuliza moto. Nilikuwa nikiyatafuta kwenye mwali, nayo yalikuwa kwenye jivu. Kuvumbika ni kufukia kitu ndani ya jivu la moto au makaa yaliyolala, muhogo, kiazi, ndizi, kikaiva kwa joto lisilo na haraka. Ni kitenzi hichohicho cha ndizi zinazofunikwa ziive, na mwenye pupa anaonywa kwamba mvumbika changa hula mbovu. Kupalia ni kuweka makaa juu ya mfuniko wa sufuria ya wali ili moto uje kwa juu na kwa chini, mdogo wa pande zote mbili. Kufukuta ni kuungua bila mwali. Na moto ukifukiwa jivuni usiku ili asubuhi ufukuliwe ungali hai, jivu limefanya kazi ya kile kifuniko cha tundu: limeuachia moto hewa ya kuishi, halikuuachia ya kuwaka. Bibi zetu walibana pumzi za moto karne nyingi kabla ya mwaka 1981. Walichokosa ni kipimajoto tu, na sijui kama waliona hasara.

Ndiyo maana hali ya moto inayotakiwa ndani ya jiko la moshi naiita kufukuta, wala sitafuti jingine. Moto mdogo hautoshi kama istilahi, kwani hata mwali wa mshumaa ni moto mdogo. Kufukuta kunasema aina ya moto.

Moshi una mgogoro wake. Ladha haitoki kwenye mkaa wenyewe, ambao ulishapoteza moshi wake mwingi tanurini ulipochomwa kwa kunyimwa hewa. Hutoka kwenye vipande vya mti vinavyowekwa juu ya makaa. Wamarekani hupenda mwaloni, mtufaha, mcheri. Huku kwetu mpera na mwembe huweza kufanya kazi hiyo, mti uwe umekauka vizuri na usiwe wenye utomvu wa kunata. Moshi mzuri ni mwembamba, wenye rangi ya samawati, unaoonekana ukiutazama dhidi ya kitu cheusi na kupotea ukiutazama dhidi ya mbingu. Moshi mweupe mzito ni dalili kwamba mti unapashwa joto bila kuungua sawasawa, na nyama itakuwa chungu. Mgeni huufurahia ule mweupe kwa sababu unaonekana kama kazi inafanyika.

Kuitia nyama moshi huo tukuiteje? Kitenzi cha haki ni kufukiza, na Zanzibar pia kufusha. Nguo hufukizwa udi, chumba hufukizwa ubani kwenye chetezo, na siku zote kufukiza ni kukiacha kitu kikae ndani ya moshi hadi uingie. Ila tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea na Watanzania wakajifunika mablanketi juu ya nyungu, kujifukiza kwa masikio ya wengi ni mvuke wa mwarobaini na mchaichai. Ukimwambia mtu amfukize kuku, atatafuta blanketi. Si sababu ya kuliacha neno. Maneno hupitiwa na matukio na kurudi njiani, na fukiza limekuwa na moshi kwa miaka mingi kuliko lilivyokuwa na mvuke.

Jina la upishi mzima ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkaidi. Watu wataita nyama choma ya moshi, na watakuwa wamekosea mapishi mawili kwa mpigo. Kuchoma ni moto uso kwa uso na nyama: mafuta yanadondoka, mwali unaruka, ngozi inababuka, na ndani ya saa moja au mbili watu wanakula. Neno letu la upishi ule mwingine, wa polepole na mbali na moto, ni kubanika. Samaki na pweza wa kubanika huwekwa kwenye vijiti au uchanja, mbali kidogo na moto, wapate joto na moshi hadi waive na kukauka, na hakuna mvuvi anayekuambia kwamba amewachoma. Neno lenyewe la Kiingereza linaloenezwa na matangazo ya majiko haya, barbecue, asili yake ni barbacoa ya Wataino wa Karibi, na maana yake ya zamani ni uchanja wa miti. Walikuwa wakibanika. Jina limezunguka dunia nzima likarudi kwetu kwenye sanduku la karatasi ngumu, nasi tunalipokea kwa neno lisilo lake. Kwa hiyo naandika nyama ya kubanika, na chombo naandika jiko la kubanikia. Atakayesema kubanika ni kwa samaki tu, nitamwomba aniambie ni kamusi gani iliyomwambia nyama haibaniki.

Karai la maji linaeleweka bila msaada. Maji hayapandi zaidi ya kiwango chake cha kuchemka, nyuzi 100 Dar es Salaam na karibu 94 Nairobi kwa sababu ya mwinuko, hivyo hunywa joto la ziada na kulituliza jiko. Istilahi inayohitajika ni ya ile hali inayowatisha wapya: joto la ndani ya nyama hupanda vizuri hadi nyuzi 65 au 70, kisha husimama, saa mbili, saa tatu, bila kusogea, na mtu anadhani moto umekufa. Haujafa. Nyama inatoa majimaji, majimaji yanakauka juu yake, na kule kukauka kunaipoza kwa kasi ileile inayopashwa. Wachomaji wetu husema nyama inatoa jasho. Jasho ni istilahi kamili, kwa sababu ndicho kinachotokea kwenye paji la uso la binadamu, kwa kanuni hiyohiyo.

Kuna neno moja la sayansi lililozaliwa jikoni humu ambalo tunalitamka kila siku bila kumtambua mzazi wake. Magazeti ya Tanzania yamejaa biashara ya hewa ukaa. Ukaa ni kaa lililovishwa kiambishi, na Kilatini kilifanya vivyo hivyo: carbo lilikuwa kaa la moto kabla halijawa jina la elementi. Waliounda ukaa hawakutafsiri sauti, walikwenda kwenye chanzo kilekile. Na moto unaobanwa pumzi hutoa kwa wingi ile aina ya hewa ya ukaa isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, inayoua watu waliolala na jiko chumbani katika miji ya baridi. Jiko la kubanikia hukaa nje, hata mvua ikinyesha, hata likionekana limezimika.

Maana kuzimika nako kuna maneno. Upishi ukiisha, usimwage maji. Bana matundu yote, juu na chini, na moto utakosa hewa ukafa wenyewe, ukiacha nusu ya mkaa haijaliwa. Vipande hivyo vyeusi vilivyokwisha kuonja moto vina jina la zamani kamusini, kaa zimwe, na sijasikia kijana akilitaja. Lirudishwe. Makaa mazimwe hushika haraka kuliko mkaa mpya, na sehemu ya moshi wao mkali ilishatoka safari ya kwanza, kwa hiyo siku ya pili kung'uta jivu lao, yatie kwenye kopo la kukokea, na mkaa mpya ndio ujaze jikoni.